Niliipitisha Filamu ya Wavamizi

Mimi ni mwoga, na sijawahi kuficha. Paka akiangusha sufuria jikoni, naita majirani. Kwa hiyo siku Mkuu wa shule aliponipa flashi mkononi na kuniambia, "Mwalimu, hii ya kutisha tunakuachia wewe uamue kama inawafaa watoto," nilidhani ananitania. Wapi! Fomu yenyewe alikuwa ameshaichapa.

Fomu hiyo aliitunga yeye. Shule yetu ni ya wasichana, ya bweni, pale Newala, na Jumamosi moja kila mwezi wanafunzi huangalia filamu bwaloni. Wanapiga kura, viranja wanaleta filamu iliyoshinda, mwalimu wa zamu anaiangalia kwanza halafu anajaza: kuna damu kiasi gani, kuna matusi, wamevaa nini, kuna funzo gani. Miezi yote hiyo walikuwa wakileta za harusi na za wapenzi wanaokimbizana uwanja wa ndege, na mimi nasaini huku nakula. Mwezi huo wakaleta ya wavamizi. Watu watatu wanaingia kwenye nyumba ya watu, basi, filamu nzima ni hiyo. Ilishinda kwa kishindo, hata wale dada zetu walokole wa kidato cha nne waliipigia kura.

"Wakianguka je?" Mkuu aliniuliza.

Kila aliyefundisha shule ya bweni ya wasichana anajua maana ya swali hilo. Mmoja anapiga yowe anaanguka, wa pili anafuata, na ikifika jioni una wasichana ishirini chini, wazazi wako getini, shehe ameitwa na mchungaji ameitwa. Mkuu alisema wazi kwamba akianguka hata mmoja, filamu zimekwisha, bwalo litabaki la ugali na maharage.

Hofu yangu mimi ilikuwa kwa msichana mmoja tu. Alikuwa wa darasa langu, kidato cha tatu, mtoto wa Kitangari. Likizo iliyopita wezi waliingia kwao saa za magharibi, chakula kikiwa bado jikoni. Walimfunga baba yake kamba, wakamvunja mkono, wakachukua walichokitaka wakaenda zao. Yeye na mama yake hawakuguswa. Aliporudi shuleni hakuwa yule niliyemjua. Usiku halali, mchana anasinzia kwenye kipindi cha hesabu. Wenzake walimpenda, na kupendwa huko ndiko kulikokuwa kunammaliza: akiingia chumbani hadithi zinakatika, wakiwa wanacheka wakimwona wanafunga midomo, na siku ya kuchota maji wanampa kile kidumu kidogo cha lita tano kana kwamba anaumwa. Mama yake alishapiga simu. Mwisho wa mwezi anakuja kumchukua, akae nyumbani mpaka atulie.

Mimi nimeshawaona wanaokwenda nyumbani kutulia. Hawarudi. Unakutana nao sokoni miaka miwili baadaye, mtoto mgongoni, wanakuamkia huku wanaangalia chini. Nilikuwa nimeapa huyu wangu haendi, ila sikujua nitamzuia kwa njia gani. Sasa niletewe filamu ya wavamizi! Sikuifungua hata hiyo flashi. Nikaandika HAIFAI, herufi kubwa, nikachora na mstari chini.

Kesho yake saa kumi jioni msichana mwenyewe akaja ofisini.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Madam, nasikia filamu imekataliwa."

"Nani kakuambia?"

"Wote wanajua." Alikuwa anavuta vuta kishikizo cha sweta. "Na sababu wanaijua."

Nikamwambia sababu ni yangu, mimi ndiye mkaguzi. Akanitazama tu, ile ya mtoto anayekuonea huruma kwa kudanganya vibaya.

"Saa hizi wananihurumia," akasema. "Wakikosa filamu kwa ajili yangu watanichoka. Naomba uiangalie kwanza, madam. Ikiwa mbaya, ikatae kwa ubaya wake. Usiikatae kwa ajili yangu."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka si nitakuwa nimeanguka na wenzangu?"

Jamani! Miaka kumi na sita! Nilikasirika, nikamfukuza akasome, halafu nikabaki pale nimeshika kalamu nikijisikia mjinga kabisa. Alikuwa amesema kweli. Nikiikataa, yeye ndiye aliyewanyima wenzake. Nikiipitisha yeye nikamweka pembeni, nimemtia alama mbele ya shule nzima. Nikimwacha akaangalia, Mungu ndiye anayejua. Nikaichana ile fomu, nikaomba nyingine.

Mume wangu ni mtumishi wa serikali, kituo chake Masasi, changu Newala, kwa hiyo ndoa yetu ni ya mwisho wa wiki. Jumamosi nikateremka na flashi kwenye pochi. Nikamwambia tutaangalia mchana, mlango wazi, madirisha wazi, redio ya jirani ikipiga. Akacheka mpaka akakohoa. "Mke wangu, filamu ya kutisha inaangaliwa taa zimezimwa." Nikamwambia hizo taa azizime kwenye nyumba ya mwanamke mwingine.

Tukaiweka kwenye kompyuta saa saba mchana, sahani ya karanga katikati. Nyumba ya kizungu, kubwa, kando ya ziwa, majirani hakuna. Wazazi wameenda sherehe, amebaki binti wa miaka kama kumi na sita na mdogo wake. Wanakuja watu watatu wamevaa makoti ya mvua ya njano. Hawana vinyago, hawana mapanga. Wanatabasamu. Afadhali wangekuwa na mapanga! Dakika ya ishirini nilikuwa nimejifunika khanga, naangalia kwa jicho moja. Dakika ya arobaini mume wangu akakumbuka kwamba hajawapa kuku maji. Kuku wenyewe tuliwala Pasaka. Alirudi filamu inaisha, akasimama mlangoni akauliza kwa sauti ndogo, "Yule mtoto mdogo kapona?"

"Kapona."

"Basi inawafaa watoto. Ila mimi hainifai."

Nilifanya ukaguzi wangu kwa makini, nisidanganye. Nilihesabu damu: kidole kimoja kilichokatwa na kioo, na pua. Matusi mawili. Nguo za heshima, kule kuna baridi. Na funzo lipo, tena zuri: binti anamficha mdogo wake kwenye kabati la nguo, anatumia akili, anatoka salama, wale watatu wanakamatwa. Mimi nilichunga damu kama nilivyofundishwa na fomu. Nikaandika INAFAA, kidato cha tatu na cha nne. Nikaweka masharti: mchana kweupe, matroni awepo, na mimi mwenyewe nishike maiki nitafsiri, maana filamu ilikuwa ya Kiingereza kitupu na wengine kingewapita. Sharti la mwisho sikuliandika. Nilimwita yule msichana nikamwambia kiti chake kitakuwa karibu na mlango. Akasema ahsante madam, lakini ameshawekewa nafasi na wenzake, safu ya nne, katikati.

Jumamosi ya filamu ilipofika, Newala haijawahi kuona wasichana wachapakazi namna ile! Siku ya maji kwa kawaida ni kusukumana na kuumwa tumbo kwa uongo. Saa tatu asubuhi mapipa yote yalikuwa yamejaa, jikoni wamefagia, na kiranja wa burudani anazunguka na orodha kama karani wa sensa. Walitundika mablanketi kwenye madirisha ya bwalo, wakaziba na mwanya wa chini ya mlango kwa sweta. Saa nane mchana palikuwa giza totoro, joto la kufa mtu, wasichana wamebanana kwenye mabenchi, na kila mtu anamwomba Mungu umeme usikatike. Mimi nimesimama kando ya ukuta na maiki, matroni ameketi mbele na kikapu chake cha kufuma. Nilikuwa na woga, lakini nilikuwa na raha pia, siwezi kusema uongo. Lile bwalo lilikuwa linachemka.

Kutafsiri kwangu kulikuwa na hila. Nilipanga kila neno kali niligeuze uji. Mtu wa koti la njano anasema kwa Kiingereza kitu cha kutisha kabisa, mimi naingia na sauti ya upole: "Anasema, samahani kwa usumbufu." Sasa mimi huyohuyo ndiye niliyewafundisha Kiingereza miaka mitatu. "Madam, hajasema hivyo!" likapaa kutoka nyuma. "Madam unatupunja!" Vicheko. Nikawaambia anayetaka kutafsiri aje achukue maiki, wakanyamaza kwa muda wa kumeza mate.

Yowe la kwanza la kweli lilinikuta sikujiandaa. Binti wa kwenye filamu alikuwa anajaza maji kwenye lile beseni kubwa la kuogea, akasikia mlango unagongwa, akatoka mbio akaacha bomba wazi. Maji yakajaa. Yakaanza kumwagika sakafuni. Bwalo lote likasimama! "Bombaaa! Funga bomba wewe!" "Maji yote hayo, yalaa!" Mmoja akashika kichwa kwa mikono miwili kama amefiwa. Wasichana waliotoka kubeba ndoo asubuhi hiyohiyo hawakuwa na habari na muuaji aliye barazani. Wakaanza kurushiana maneno ya Kimakonde, na mimi mtu wa Singida nikaambulia neno la maji tu. Hata matroni aliacha kufuma akasema, "Huyu alelewe upya." Nikaangalia safu ya nne. Yule wangu alikuwa anacheka. Amejiziba mdomo, mabega yanatikisika, na aliyekaa kushoto kwake anampiga piga paja. Nikamshukuru Mungu pale pale ukutani. Nikajiona mkaguzi hodari kuliko wote Tanzania.

Halafu binti akafika mlangoni.

Nje amesimama mwanamume wa koti la njano, ameshika mkanda wa mbwa mkononi. Anasalimia vizuri. Anataja jina la baba wa nyumba ile, anasema wanafahamiana, mbwa wake amepotea, anaomba radhi kusumbua jioni hii. Binti anamchungulia kupitia kioo. Anasita. Watoto wangu bwaloni wakalipuka: "Usifungue! Usifunguee!" Walikuwa wamepanda juu ya mabenchi. Binti akafungua.

"Mjinga!" bwalo likasema kwa pamoja. "Mjinga huyo! Akome! Afe tu!"

Kwenye filamu kioo kikapasuka, matroni akapiga ukelele wa kwanza na wa mwisho wa kuanguka siku hiyo, kwa sababu aliteleza na benchi lake. Lakini macho yangu yalikuwa safu ya nne, na pale hapakuwa na kicheko tena. Alikuwa amesimama. Wengine wote walikuwa wameketi kumcheka matroni, yeye amesimama, amewageukia wa nyuma, mwanga wa projekta unampiga usoni na makoti ya njano yanatembea kwenye shati lake. Nikajua ndiyo sasa, anaanguka, nimemwangusha mwenyewe kwa saini yangu. Nikasimamisha filamu.

"Si mjinga," alisema.

Hakupiga kelele. Hakukuwa na haja, maana kila shingo ilikuwa imemgeukia.

"Si mjinga. Amesalimiwa. Amesikia jina la baba yake. Kwetu walipiga hodi. Wakasema, hodi kwa Baba fulani, wakataja jina langu mimi. Si baba anaitwa kwa jina langu? Nikachungulia, nikaona watu watatu siwajui, lakini wamesema jina langu. Mlango haukuvunjwa. Niliufungua mimi."

Hilo hatukulijua hata mmoja. Miezi yote hiyo kila mtu alisema "walipovunja mlango", na mimi nikiwemo, nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu tena na tena, na yeye anaitikia ndiyo madam. Mwalimu mzima, miaka kumi na moja kazini, nikaizima maiki.

Aliyemjibu ni kale kasichana ka safu ya nyuma, kale kalikolalamika kwamba nawapunja. "Kwani ungefanyaje? Mtu anapiga hodi, umkaushie? Mimi bibi yangu angenichapa." Mwingine akasema kwao hata ukiwa unaoga unaitikia karibu, sabuni puani. Mwingine akasema yeye alishamfungulia mwendawazimu, akampa na kiti. Sasa kila mtu akawa na lake! Kila mlango wa Newala na Tandahimba uliowahi kufunguliwa vibaya ukatajwa pale bwaloni, wanapokezana, wanakatizana, wanacheka, na yule wangu amesimama katikati yao anageuza shingo huku na huku akiwasikiliza. Hakuna aliyenyamaza kwa sababu yake. Mwishowe aliyekaa kushoto akamvuta sketi. "Kaa chini bwana, unatuziba. Madam, endelea!"

Akakaa. Nikaendelea, na kuanzia hapo nikatafsiri kila neno lilivyosemwa. Binti alipotoka salama na mdogo wake, mabenchi mawili yalivunjika kwa shangwe, na lile la matroni likawa la tatu. Hakuanguka mtu.

Jumatatu mama wa yule msichana wangu akaja. Mwanamke mfupi, mtandio umefungwa vizuri, mikono myeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho. Godoro la binti lilikuwa limeshafungwa kamba, liko barazani. Nilijaribu kumwambia maendeleo ya mtoto, akanikatiza kwa adabu. "Mwalimu, nimeshaamua. Siwezi kulala yeye akiwa huku." Ndipo binti akasema, mama, kuna jambo sijakwambia. Akalisema lote, kama alivyolisema bwaloni, hodi, jina lake, watu watatu, komeo. Alilisema akiangalia mikono ya mama yake.

Mama hakushtuka.

"Unakumbuka nilikuwa wapi?" akamuuliza.

"Jiko la nje. Unakaanga."

"Walipita kwangu kwanza. Wakaniamkia. Wote watatu, shikamoo mama. Nikaitikia marahaba. Mmoja akasema, wewe ndiye mama fulani? Nikasema ndiyo, mimi. Jina lako mimi ndiye niliyewathibitishia." Alianza kulia, bila sauti, uso uleule. "Wakauliza, mzee yupo? Nikawaambia yupo, zungukeni mbele, pigeni hodi. Ile hodi uliyoisikia, mwanangu, mimi ndiye niliyewatuma waipige. Nimekuja kukuchukua nikwambie, maana kwenye simu nilishindwa."

Binti akatoka kwenda barazani, akachuchumaa, akaanza kufungua kamba za godoro. Fundo lilikuwa gumu. Mama yake akaja akachuchumaa upande wa pili, akalifungua kwa meno, wakalinyanyua wote wawili na kulirudisha bwenini.